Mpira wa Ardis

Harlan Tollefson aliingia kambi ya Palo Seco tarehe kumi na mbili Novemba, saa nane mchana, na hakuna saa mbaya ya kuingia kuliko hiyo. Saa nane mchana safu yote ya tatu iko nje kwenye viti vya kukunja, kofia zimeshushwa machoni, vikombe vya chai ya barafu viko mapajani. Wazee wanaoikimbia theluji ya kaskazini na kuja kuota jua la Arizona hawana mchezo wanaoupenda kama kutazama gari-nyumba likifika. Wanamtazama dereva anavyorudi nyuma. Wanamtazama anavyosawazisha magurudumu kwa vipande vya mbao. Lakini hasa, na hapa ndipo wanaponyamaza kabisa, wanamtazama anavyounga mpira wa maji taka kutoka tumboni mwa gari hadi kwenye shimo la kambi. Hapo ndipo mtu anapopewa cheo chake cha msimu. Aliyeunga vizuri ni mwenzao. Aliyeunga ovyo anapewa jina la utani, na atalibeba jina hilo hadi Machi atakaporudi kwao.

Harlan alirudi nyuma mara moja tu, hakusahihisha, akaingia nafasi namba kumi na tisa kama mkono unavyoingia mfukoni. Kuendesha alikujua, ndiyo ilikuwa kazi yake tangu siku ya kwanza. Akazima injini, akabaki ameshika usukani, akitazama kiti cha kulia. Mto wa Ardis ulikuwa bado pale, ule wa maua ya manjano, umebonyea katikati. Mkewe alifariki mwezi Mei, kwa ugonjwa ulioanza kama kikohozi cha kawaida. Majirani wote wa kambi walijua. Ambacho hawakukijua, au ndivyo Harlan alivyoamini, ni hiki: katika miaka yote kumi na mmoja waliyokuja pamoja namba kumi na tisa, Harlan hakuwahi kuunga mpira hata siku moja. Aliyeunga ni Ardis. Kazi ya Harlan ilikuwa kuwaeleza wengine namna ya kuunga.

Na alieleza, jamani. Alifundisha fizikia miaka thelathini na minne huko Minnesota, na mwalimu haachi kufundisha kwa sababu tu amestaafu. Jioni watu wakiketi kuuzunguka moto wa gesi, akatokea mgeni wa kulalamika kwamba maji yamesimama ndani ya mpira wake, Harlan ndiye aliyeinua kidole. "Mteremko," angesema. "Robo inchi kwa kila futi moja. Maji ni mavivu, hayapandi kilima." Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Ardis alikaa kando na sindano zake za kufumia, akitabasamu bila kuinua macho. Hivyo ndivyo safu nzima ilivyokuja kumwita Mwalimu.

Wa kwanza kufika dirishani alikuwa Wendell Oakes wa namba ishirini, akiwa na mbwa wake mzee, Tuffy, anayetembea kwa kuyumba.

"Mwalimu," alisema, akavua kofia. "Umekuja."

"Nimekuja."

"Pole, ndugu yangu. Sijui hata niseme nini."

"Basi usiseme."

Wendell akairudisha kofia kichwani. Alikuwa amelima ngano Saskatchewan maisha yake yote, na kukaa kimya na mtu hakukumtia hofu. Akautazama ubavu wa gari, upande wa matangi.

"Nikusaidie mpira?"

"Nimeunga mpira tangu wewe hujui gari-nyumba ni mdudu gani."

"Haya," alisema Wendell taratibu. Alionekana kama mtu mwenye neno la kuongeza, kisha akaivuta kamba ya mbwa. "Mimi niko hapo tu. Ukitaka kitu, uliza."

Jambo lenyewe lilianzia Nebraska, siku yao ya kwanza kabisa ya kulala kambini. Harlan alivuta koki ya tangi kabla mpira haujakaza kwenye meno yake. Hakuna haja ya kueleza kilichotoka wala kilimwangukia wapi. Watu kumi na wawili walikuwa kwenye viti vyao. Hawakumcheka kwa ubaya, mmoja hata alimletea ndoo ya maji, lakini walicheka, na mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa lililotulia hakuweza kukimeza kicheko kile. Aliingia ndani akafunga mlango. Ardis ndiye aliyetoka, akavaa glavu, akaimaliza kazi. Walipokaa kula alimwambia, "Hii niachie mimi. Wewe endesha."

Na kwa kuwa alimpenda, na aibu yake aliijua, aliifanya kazi hiyo alfajiri kabla kambi haijaamka. Alivaa glavu za waridi zinazofika karibu na viwiko, akatoka. Harlan alibaki ndani na pajama zake, amesimama kando ya sinki, kwa sababu kulikuwa na kazi moja aliyopewa. Ardis akigonga ubavu wa gari mara mbili, Harlan afungue bomba, maji ya sinki yapite yausafishe mpira. Akigonga mara tatu, afunge, imekwisha. Miaka kumi na mmoja walizungumza hivyo kupitia ukuta mwembamba wa bati, na Harlan hakuwahi hata mara moja kufungua dirisha akasema asante. Aliona kusema asante ni kuitaja aibu. Sasa aliona kwamba huo ulikuwa upuuzi mtupu, lakini wa kumwambia hayupo.

Alfajiri ya siku ya pili alitoka mwenyewe. Kila kitu kilikuwa kwenye sanduku la plastiki nyuma ya gari, kimepangwa kwa mkono wa Ardis: mpira umekunjwa, ngazi ndogo ya kuutegemeza ili uteremke vizuri, kiwiko cha plastiki angavu ambacho mtu huchungulia ndani yake kuona kama maji yanayotoka yameanza kuwa safi. Glavu zile za waridi. Na jiwe. Lilikuwa jiwe jeusi la mviringo, Ardis aliliokota ufukweni mwa Ziwa Superior, na aliliweka juu ya mdomo wa mpira pale shimoni ili usiruke maji yakija kwa nguvu. Harlan alilishika jiwe hilo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Glavu zilimkaa nusu, vidole havikufika mwisho. Lakini mikono ilikuwa na akili kuliko alivyotegemea. Aliunga, akakaza, akatega ngazi, akaweka jiwe. Mteremko ulikuwa robo inchi kwa kila futi, aliupima. Kisha akachutama mbele ya koki mbili na hapo akakwama. Moja ni ya tangi la choo, nyingine ni ya tangi la maji ya sinki na bafu. Ardis alizifanyia nini siku hadi siku? Hakujua. Hakuwahi kuuliza. Basi akafikiri kama mtu wa fizikia. Nyumbani Minnesota hakuna anayelifunga bomba la choo. Maji yakipata njia yanateremka, ya nini kuyazuia? Akazivuta koki zote mbili, akaziacha wazi, akarudi ndani ameridhika kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Mtu yeyote wa safu ya tatu angemwambia. Koki ya choo hufungwa. Inakaa imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa, ndipo inafunguliwa, na maji mengi yanaondoka kwa kishindo yakisomba kila kitu. Ukiiacha wazi, maji yanatangulia peke yake, na yasiyo maji yanabaki nyuma, yanakauka, yanajenga kichuguu. Ni kosa la mgeni wa wiki ya kwanza, na kwa mtu anayeitwa Mwalimu ni balaa.

Siku zikaenda. Kila asubuhi Harlan aliwasha redio ndogo, akasikiliza hali ya hewa ya Duluth, kaskazini kwao, akaitangaza kwa sauti kama alivyozoea. "Nyuzi kumi na tatu chini ya sifuri." Hapo Ardis alikuwa na jibu lake, lile lile kila siku, "Masikini wao," na ndipo walipoanza kunywa kahawa. Sasa alitangaza, akangoja kidogo, akanywa. Masikini wa Duluth walikosa wa kuwahurumia. Jioni Wendell alipomwita kwenye moto wa gesi alisema mgongo unamsumbua. Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Alichoogopa ni kile kiti cha Ardis cha kando, kitupu sasa, ambacho watu, kwa adabu zao, wangekizunguka bila kukisogeza.

Wiki ya pili alifika Noreen Babcock, akaegesha namba kumi na nane, ubavuni kwake. Aliendesha basi la shule miaka ishirini na tisa huko Iowa, hakuwahi kuolewa, na kurudi nyuma alikuwa hodari kuliko wanaume wote wa safu. Mpira ndio uliomshinda. Asubuhi moja alikuja kugonga mlango, mpira mpya begani ungali umefungwa kwenye nailoni.

"Wewe ndiye Mwalimu?"

"Kuna wanaoniita hivyo."

"Yule bwana mwenye mbwa kaniambia nije kwako. Kasema hapa kambini habari za mpira anayezijua ni wewe."

Harlan alitazama upande wa namba ishirini. Wendell alikuwa kwenye kiti chake, kofia usoni, kama aliyesinzia. Harlan alikuwa na sekunde moja ya kusema ukweli, akaiona ikipita. Lakini tusimlaumu sana. Tangu Mei hakuna aliyekuja kumuuliza kitu zaidi ya kama amekula. Akavaa kofia, akatoka, akaanza kufundisha.

Alifundisha vizuri, ndiyo shida. Alieleza mteremko, akaeleza kwa nini mpira hauachwi kufanya tumbo katikati, akachora kwa kijiti mchangani. Noreen alichutama akisikiliza, mikono magotini.

"Na hizi koki mbili?" aliuliza.

"Acha zote wazi. Maji hayapendi kuzuiwa."

"Hata ya choo?"

"Kwenu Iowa mnafunga bomba la choo?"

Noreen alicheka. "Hapana, Mwalimu."

"Basi."

Siku hiyo Harlan alikula chakula cha mchana kwa hamu. Alijiona mtu tena.

Haikupita wiki moja maji yakakataa kushuka. Alipovuta maji ya choo, yalipanda badala ya kuteremka, yakasimama inchi mbili chini ya ukingo, yakimtazama. Taa ya ukutani ilisema tangi limejaa, na koki iko wazi. Hilo halikuwezekana kifizikia, kwa hiyo alivuta tena, na tukome hapo. Kisha ikaja harufu. Aliwasha feni, akafungua madirisha yote, akachoma mishumaa ya mdalasini aliyoiacha Ardis, na gari likanuka choo chenye mdalasini. Siku tatu alikwenda kutumia vyoo vya kambi, akibeba taulo ili aonekane anakwenda kuoga. Alfajiri alichungulia kile kiwiko angavu. Kilikuwa kikavu. Ndipo alipoelewa kilichotokea ndani ya tangi, na akaelewa bila kitabu, kwa sababu akili haikuwa tatizo lake hata siku moja.

Binti yake, Marlys, alipiga simu siku hiyo.

"Baba, sauti yako imekaaje?"

"Imekaa kama sauti."

"Chumba cha chini nimeshakipaka rangi. Uza hilo gari uje. Unafanya nini huko peke yako?"

Alikiona chumba hicho kichwani: dirisha moja juu karibu na dari, linalotazama matairi ya magari ya jirani. Akamwambia atafikiri. Alipokata simu alikuwa ameshafikiri. Ataondoka kesho asubuhi, aseme Marlys anamhitaji, atafute fundi njiani huko mbali ambako hakuna anayemjua. Akiondoka sasa anaondoka na jina lake zima. Akibaki itambidi afungue mdomo. Lakini roho ilimuuma vibaya, maana Palo Seco ndipo mahali pa mwisho ambapo watu walimjua Ardis akiwa mzima, akicheka, akifuma soksi za watu wasiomhusu. Kwenye chumba cha chini cha Marlys, Ardis angekuwa picha ukutani.

Alianza kufungasha. Alikuwa amelikunja zulia la nje na anakifuata kiti chake pale Noreen alipokuja na bakuli lililofunikwa kwa karatasi ya fedha.

"Viazi na nyama ya kusaga, vimeokwa," alisema. "Mimi sijui kupika kingine. Ni kwa ajili ya lile somo."

"Hukuhitaji kujisumbua, mama."

"Nimeulizwa na watu wawili nani kanifundisha, nikasema Mwalimu." Akalitazama zulia lililokunjwa. "Unasafiri?"

Harlan alilishika bakuli. Lilikuwa la moto chini. Akaliona tangi la Noreen, koki wazi, kichuguu kikikua kidogo kidogo kila siku, na mwanamke huyu peke yake siku maji yatakapomkatalia, hana hata mshumaa wa mdalasini. Na hatamlaumu mwingine, atajilaumu mwenyewe kwamba hakuelewa somo. Miaka thelathini na minne Harlan aliwaona wanafunzi wa namna hiyo. Hakuwahi kuwa yeye aliyewadanganya.

"Kaa," alisema. "Hapana, usikae. Njoo."

Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Safu yote ya tatu ilikuwa nje. Harlan alitembea na bakuli mkononi hadi mbele ya kiti cha Wendell, Noreen akimfuata nyuma, na akasimama pale ambapo kila mtu angemsikia, kwa sababu alijua akisema kwa mmoja tu, kesho atabadilisha maneno.

"Nina jambo," alisema. Sauti ilimtoka ya darasani, hana nyingine. "Noreen, nenda kafunge koki yako ya choo sasa hivi. Nilikufundisha uongo. Ya kwangu imeziba. Mimi mpira siujui. Sijawahi kuunga hapa mpaka mwaka huu. Aliyekuwa akiunga ni Ardis. Miaka yote hiyo ni Ardis, alfajiri, na mimi niko ndani nimesimama kwenye sinki."

Akasubiri kicheko. Alikuwa amekisubiri tangu Nebraska.

Hakuna aliyecheka. Barafu ya chai ilisikika ikigonga vikombe. Wendell alivua kofia akaikunja ukingo, akaikunjua.

"Tunajua, Harlan," alisema.

"Mnajua nini?"

"Nina mbwa, bwana. Kibofu chake kibovu kuliko changu. Miaka kumi na mmoja natoka naye alfajiri. Unadhani sikumwona mkeo na glavu za waridi? Nilikuwa namsalimia kwa mkono tu, tusikuamshe. Yule wa namba kumi na sita alimwona. Wote tulimwona."

"Nami niliifunga koki yangu siku ile ile," alisema Noreen kwa upole. "Wendell alinipitia jioni. Samahani."

 Harlan hakuwa na aibu sasa, alikuwa na hasira, hasira safi ya mtu aliyeachwa nje ya chumba chake mwenyewe.

"Kwa hiyo mlikaa hapa," alisema, "mkanitazama. Wiki tatu. Mkaniletea na huyu mama nimfundishe, kama mchezo wa kuigiza."

"Nilidhani ukiulizwa na mgeni utasema hujui," alisema Wendell. "Nilikosea. Nisamehe kwa hilo. Na kama ni harufu, mimi ndiye niliyekuwa upande wa upepo, ujue."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

 Wendell alikitazama kile kiti kitupu cha Ardis walichokuwa wakikitoa kila mchana na kukiweka kando ya chake.

"Kwa sababu ya Ardis. Msimu uliopita, Februari, alikuwa ameanza kukohoa. Alfajiri moja nikamkuta amekaa chini kando ya mpira, anapumzika. Nikamwambia acha nimalizie. Akakataa. Akaniambia, 'Nikitangulia, atakuja huku peke yake. Usimfundishe mpaka aulize. Ukimfundisha kabla hajauliza, atakusikiliza kwa adabu, kisha ataingia ndani na hatatoka tena. Mwache aje mwenyewe.' Akanitaka niahidi. Nikaahidi." Akaivaa kofia. "Juma lililopita nilifika mpaka mlangoni kwako, nikainua mkono nigonge. Nikarudi. Haikuwa rahisi, Mwalimu."

Harlan aligundua bakuli linamchoma viganja. Alikuwa amelishika muda wote huo. Noreen akalichukua taratibu mikononi mwake.

Februari. Alfajiri hizo za Februari yeye alikuwa kwenye sinki, na alikumbuka, alikumbuka sana, kwamba kati ya kugonga mara mbili na kugonga mara tatu kulikuwa na kimya kirefu kuliko kawaida. Alidhani Ardis anakagua kitu. Alikuwa hata amekereka kidogo, baridi ilimpata miguuni.

"Sasa naomba kufundishwa," alisema.

Wendell alisimama, magoti yakalia. "Funga koki. Tutakupa fimbo inayopuliza maji kwa nguvu uyavunje hayo, utaishika mwenyewe, choo ni chako. Kisha jaza tangi mpaka taa ya juu iwake, yalowe siku mbili. Halafu endesha hiyo barabara ya machimbo yenye mashimo, polepole, kwenda na kurudi. Yatikisike."

"Nizunguke jangwani na tangi limejaa?"

"Wewe si ndiye dereva?"

Hapo ndipo watu walipocheka, na Harlan akagundua kwamba kicheko kinaweza kumpita mtu bila kumvunja. Alikitafuta kile cha Nebraska moyoni, akakuta kimepungua, kimekuwa kama cha watu wengine.

Siku mbili baadaye aliendesha barabara ya machimbo. Peke yake, maili tisa kwenda, tisa kurudi, kila shimo likigonga, sahani zikilia kabatini, na huko nyuma tangi likisukasuka. Mto wa maua ya manjano uliruka kitini na kudondoka. Akasimamisha gari, akauokota, akaurudisha, akaufunga mkanda. Hakuona sababu ya kumficha mtu yeyote kwamba alifanya hivyo, lakini hakukuwa na mtu.

Aliporudi na kuegesha namba kumi na tisa ilikuwa saa nane mchana. Angeweza kusubiri alfajiri. Hakutaka alfajiri. Alfajiri ilikuwa ya Ardis. Alitoa sanduku, akavaa glavu za waridi zilizomkaa nusu, akachutama mbele ya safu nzima ya tatu. Aliunga, akakaza mpaka meno yakakamata, akatega ngazi, akaliweka jiwe la Ziwa Superior mahali pake. Alipogeuka kuangalia kama wanamtazama aliona jambo ambalo halijawahi kuonekana Palo Seco. Viti vyote vilikuwa vimegeuzwa. Watu kumi na wanne walikuwa wamempa migongo, wamekaa wanatazama milima isiyo na kitu cha kutazama.

Akavuta koki ya choo. Kishindo kilikuja, mpira ukafurukuta, jiwe likaushikilia. Ndani ya kiwiko angavu palipita mambo ya wiki tatu, na yeye akayatazama bila kufumba macho, mpaka yakapungua, mpaka yakabaki maji machafu tu. Akavuta koki ya pili. Sasa yalihitajika maji ya sinki kuusafisha mpira.

Mkono wake ulikwenda wenyewe. Uligonga ubavu wa gari, mara mbili.

Alisimama pale na glavu zikidondosha maji. Ndani kulikuwa kimya. Aliyatambua mengi kwa wakati mmoja, la kwanza likiwa kwamba huku nje, upande huu wa ukuta, ulikuwa huoni kitu. Uligonga tu ukaamini kuna mtu. Ardis aliamini alfajiri zote zile, na maji yakaja kila mara. Hayo maji Harlan alimpa. Hayakuwa asante, lakini hayo alimpa.

Akavua glavu, akazunguka, akaingia ndani, akafungua bomba mwenyewe. Alisimama kando ya sinki, mahali pake pa siku zote, akisikiliza maji yakikimbia chini ya sakafu. Ilimchukua muda kugundua anangoja kitu. Alikuwa anangoja mara tatu.

Akatoka tena. Kiwikoni maji yalikuwa safi kabisa, ungeweza kusoma gazeti upande wa pili. Akarudi ndani akafunga bomba, akatoka, akafunga koki ya choo kwanza, kisha ile nyingine. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini haikuwa imesemwa kwamba imekwisha. Akainua ngumi, akagonga ukuta wa gari tupu. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Tumesikia, Mwalimu," alisema Wendell bila kugeuka.

Harlan akaliinua jiwe, akalifuta kwa shati lake, akaliweka kwenye sanduku.